Kutafuta neno lenye makosa kwa NFA ya biti: mbona herufi iliyorukwa haionekani?

Mpekuzi_wa_Biti

Wakuu habari za muda huu, naombeni mnisaidie macho maana yangu yameshachoka, siku ya nne leo niko na hii kitu.

Natengeneza programu ndogo ya kutafuta neno ndani ya maandishi hata kama limechapwa vibaya, yaani natafuta kitabu ila aliyeandika kaweka kitapu au kitaabu, bado nataka inipatie. Naruhusu kosa moja tu kwa sasa, baadaye ndo nipande mpaka mawili. Nilianza kwa kuichora ile NFA (mashine ya viduara na mishale, kila kiduara ni hali, na inaweza kuwa kwenye hali kadhaa kwa wakati mmoja) kwenye karatasi, safu mbili za viduara, ya juu ni "sijakosea bado" ya chini ni "nimeshakosea mara moja", nikaielewa vizuri tu. Halafu nikaona kumbe watu hawafuati mishale mmoja mmoja, kila safu wanaifanya namba moja ya biti halafu hatua nzima inakuwa ni kusogeza kushoto na kuchuja, nikasema hapa ndo penyewe.

Kodi ni hii, nimeitoa madoido ya lugha ibaki mifupa:

```
R0 = 0
R1 = 0
kwa kila herufi c:
    zamani = R0
    R0 = ((R0 << 1) | 1) & B[c]
    R1 = (((R1 << 1) | 1) & B[c]) | zamani | (zamani << 1) | 1
    kama R1 & 100000 si sifuri: printi "imo"
```

B[c] ni ramani inayosema herufi c imekaa wapi kwenye paterni (neno ninalotafuta, hapa ni kitabu), biti ya kulia kabisa ni k, inayofuata i, mpaka ya kushoto kabisa ni u. Faili naisoma mstari kwa mstari na kila mstari R0 na R1 naziregesha sifuri.

Majibu sasa ndo yananichanganya. kitapu inaipata, kitaabu inaipata, kitbu HAIPATI kabisa. itabu ikiwa katikati ya mstari inapatikana ila ikiwa mwanzo wa mstari haionekani. kitab ikifuatwa na nafasi inaonekana, ikiwa ya mwisho kwenye mstari inapotea. Na kitabu kilichoandikwa sawasawa kinanipa "imo" mara mbili. Nimeprinti kila kitu na bado sioni.

Fomula niliyoikuta ilikuwa ndefu kidogo zaidi ya hiyo, ila kuna kipande cha kusogeza kilikuwa kimejirudia nikakitoa ili iwe safi, sidhani kama ndo tatizo.

---

Jedwali_Tosha

Mkuu mimi huwa sielewi kwa nini watu wanajitesa. Chukua jedwali la kawaida la umbali wa Levenshtein (idadi ndogo kabisa ya herufi za kuongeza, kutoa au kubadilisha ili neno moja liwe lingine), lupu mbili, mstari wa juu uujaze sifuri tupu ili neno liweze kuanzia popote, umemaliza. Sellers alishaeleza hiyo 1980. Mistari kumi ya kodi, mtu yeyote anaisoma, hakuna biti wala nini. Hizo biti utakuja kuzisoma mwenyewe baada ya miezi miwili usielewe ulichoandika.

---

mzee_wa_otomata

Hahaha "sidhani kama ndo tatizo". Ndugu yangu hicho ulichokitoa ndicho tatizo lenyewe, ngoja nikuoneshe, na usijisikie vibaya maana karibu kila mtu anayeandika hii kitu kwa mara ya kwanza anapita hapo hapo.

Rudi kwenye karatasi yako. Kutoka safu ya juu kushuka ya chini kuna mishale ya aina tatu. Wa kwanza unashuka wima: umesoma herufi ya maandishi lakini kwenye paterni hujasogea, hiyo ni herufi ya ziada, kitaabu. Wa pili unashuka kimshazari ukisoma herufi yoyote: umesoma moja na umesogea moja ila hazifanani, hiyo ni herufi iliyobadilishwa, kitapu. Wa tatu nao unashuka kimshazari, unaanzia pale pale na unafika pale pale kama wa pili, tofauti yake ni kwamba HAUSOMI KITU. Ni mshale mtupu, ule wa epsiloni. Umesogea kwenye paterni bila kula herufi ya maandishi, hiyo ndo herufi iliyorukwa, kitbu.

Kwenye mchoro wa pili na wa tatu unaweza ukaona ni mshale mmoja kwa sababu vimekaa juu ya mstari mmoja. Kwenye biti pia vinafanana, vyote ni "safu ya juu isogeze moja kushoto". Lakini ile ya kubadilishwa inachukua safu ya juu ya KABLA ya kusoma c, na ya mshale mtupu inachukua safu ya juu ya BAADA ya kusoma c, kwa sababu mshale mtupu hausubiri herufi inayofuata, ukishafika kwenye hali fulani unakuwa umeshafika na kule unakoelekea, sekunde hiyo hiyo. Nina hakika ulikuta (R0 << 1) na (R0' << 1) na kile kialama kidogo hukukiona. Mstari wako uwe hivi:

```
R1 = (((R1 << 1) | 1) & B[c]) | zamani | (zamani << 1) | (R0 << 1) | 1
```

Hapo R0 ni ile mpya maana umeshaibadilisha mstari wa juu yake. Mpangilio wa mistari ni wa lazima, usije ukaupindua.

Na lile la itabu mwanzo wa mstari ni ugonjwa huo huo kwa sura nyingine. Kabla hujasoma herufi hata moja mashine iko wapi? Iko kwenye duara la kwanza la juu, sawa, lakini kutoka pale kuna mshale mtupu, kwa hiyo iko pia kwenye safu ya chini ikiwa imeshairuka k. Maana yake R1 haianzi na sifuri, inaanza na 1. Ukija kuongeza safu ya makosa mawili R2 inaanza na 11, ya makosa matatu 111, na kuendelea, safu ya j inaanza na biti j zimewashwa. Katikati ya mstari haikukusumbua kwa sababu nafasi iliyotangulia itabu ilihesabiwa kama k iliyobadilishwa, ndo maana ikapatikana kwa bahati. kitab nayo hivyo hivyo, nafasi iliyofuata ilijifanya u. Yaani mshale wa kubadilisha ulikuwa unamfunika mwenzake ambaye hayupo, pembeni mwa neno inawezekana lakini katikati kama kitbu haiwezekani, ndo hapo umeumbuka.

Nimeikimbiza kwa mkono hiyo kitbu, R0 kushoto R1 kulia, zilinganishe na printi zako:

```
mwanzo  000000   000001
k       000001   000011
i       000010   000111
t       000100   001111
b       000000   011101
u       000000   100001
```

Biti ya kushoto kabisa imewaka kwenye R1 baada ya u. Kodi yako ya zamani baada ya b ingekuwa na 001101, biti ya b haipo, na hapo safari imeisha.

---

Mpekuzi_wa_Biti

Mzee umenimaliza. Kialama kilikuwepo kweli, nilidhani ni uchafu wa kuchapa 😅😅 Nimerekebisha, kitbu imo, itabu imo, kitab ya mwisho wa mstari imo.

Ila sasa kitabu kilichoandikwa sawa kimetoka mara mbili kikawa mara TATU. Na kuna maneno yanaingia ambayo sikuyaomba, kitambulisho inaingia, kitabaka inaingia, vitabu ndo usiseme.

---

dada_kokotoa

Mara tatu ndo sahihi, mara mbili ndo ilikuwa kosa. Angalia, mashine inakwambia "hapa pameishia kitu kilicho karibu na neno lako". Ikifika kitab inawasha kwa sababu u imerukwa, kosa moja. Ikifika kitabu inawasha, makosa sifuri. Ikisoma herufi inayofuata inawasha tena, kitabu na herufi moja ya ziada, kosa moja. Vyote ni kweli kwa mujibu wa ulichouliza, ni swali ndo lililegea.

Ninachofanya mimi ni kuangalia ni safu ipi ya juu kabisa imewaka, naanza na R0 halafu R1, hiyo ndo idadi ya makosa ya mahali hapo, halafu sitoi jibu papo hapo, nalishika mkononi. Nafasi inayofuata ikija na makosa machache zaidi naitupa ya mwanzo nashika hii, ikija na makosa zaidi au isipowaka kabisa natoa ile niliyoishika. Kwa kitabu utapata 1, 0, 1, unatoa moja tu ile ya sifuri. Ukipanda makosa mawili utaishukuru zaidi maana hapo hata kitapu itaanza kujirudia.

Na uelewe kwamba mashine inajua neno limeISHIA wapi, haijui limeANZIA wapi. Watu wengi wanachukua mwisho wanatoa urefu wa paterni wanadhani wamepata mwanzo, kwa kitbu unakuwa umekula na nafasi ya nyuma. Ukitaka mwanzo geuza paterni iwe ubatik, anzia pale ulipoambiwa mwisho urudi kinyumenyume, na safari hiyo ya kurudi usiruhusu kuanza popote, yaani kile kitanzi cha mwanzo kisiwepo.

Hizo kitambulisho na wenzake mashine haijakuonea. kitambu ni kitabu chenye m ya ziada, kosa moja. kitab ya kwenye kitabaka ni kitabu kisicho na u. vitabu ni k imekuwa v. Wewe uliomba kipande chochote ndani ya maandishi, hukusema neno zima. Kama unataka neno zima kata maandishi kwa nafasi kwanza, ulinganishe kila neno peke yake bila kile kitanzi, hapo kitambulisho na kitabaka zinaondoka. vitabu itabaki, hiyo kwa mashine ni kosa kama kosa lingine, haijui umoja na wingi.

Ile | 1 kwenye fomula ndo kitanzi chenyewe by the way, inasema "duara la kwanza halizimiki kamwe". Ukitaka kukitoa kwenye kodi yako ilivyo utasumbuka kidogo kwa sababu duara la kwanza hujaliweka kama biti, umelichukulia lipo tu muda wote. Rahisi zaidi ni utumie biti saba badala ya sita, ya kulia kabisa iwe duara la kuanzia, utoe zote | 1, halafu uamue mwenyewe kama inabaki imewaka au inazimika.

---

Jedwali_Tosha

Mnaona sasa? Angetumia jedwali yote haya yasingekuwepo. Namba ya chini kabisa kwenye safu inakwambia makosa mangapi, huhitaji kutafuta safu ipi imewaka.

---

mzee_wa_otomata

Jedwali_Tosha ndugu yangu jedwali lako na NFA yetu ni mtu mmoja kavaa nguo mbili, na hili nalisema kwa wote kwa sababu nadhani ndo kitu cha maana kuliko bagi yenyewe.

Fanya jedwali lako kwa kitabu dhidi ya kitbu, safu moja kwa kila herufi unayosoma. Ukishasoma b safu yako kuanzia juu ni 0 1 2 1 1 1 2. Ile sifuri ya juu ni duara la kuanzia, iache. Zinabaki 1 2 1 1 1 2 kwa herufi k i t a b u. Sasa weka alama ya kuwaka palipo na 1 au chini yake: imewaka, imezima, imewaka, imewaka, imewaka, imezima. Isome kutoka kulia kwenda kushoto, 011101. Ndo R1 yangu ya pale juu baada ya b. Sikuipanga ifanane, haiwezi kutofautiana.

Kwa nini? Kwa sababu kwenye NFA, ukiwa umewasha duara fulani kwenye safu ya makosa 1, basi safu za chini yake pale pale nazo zimewaka, aliyefika kwa kosa moja anahesabika pia kwa waliofika kwa makosa yasiyozidi mawili. Kwa hiyo kwa kila nafasi ya paterni huhitaji kukumbuka maduara yote, kumbuka tu lililo juu zaidi, na hiyo ndo namba yako ya kwenye jedwali. Wewe unaishika mashine kwa kuisoma wima, namba moja kwa kila herufi ya paterni. Sisi tunaishika kwa mlalo, namba moja ya biti kwa kila idadi ya makosa. Wote tunaiga mashine ile ile na hakuna anayekosa jibu, tofauti ni kiasi gani unakilipa kila ukisoma herufi moja: wewe unalipa urefu wa paterni, mwenye uzi analipa idadi ya makosa na moja juu. Paterni ya herufi 30 na kosa moja, wewe hatua 30, yeye mistari miwili. Ndo maana Wu na Manber 1992 walipotoa agrep, programu yao ya kutafuta maandishi, waliiweka njia hii, na wao walikuwa wanaongeza safu za makosa juu ya wazo la biti la Baeza-Yates na Gonnet ambalo lilianzia kwenye neno lisilo na kosa.

Na hata wazo la kubeba hali nyingi kwa mkupuo si la biti. Thompson 1968 alikuwa anafanya hivyo hivyo kwa orodha, unabeba orodha ya hali zilizo hai, unasoma herufi, unatengeneza orodha mpya. Biti ni orodha iliyobanwa ikaingia kwenye rejista moja ya prosesa, basi.

---

Nukta7

Swali la mtu anayesoma pembeni. Shuleni tulifundishwa NFA yoyote inageuzwa DFA (mashine inayokuwa kwenye hali moja tu kila wakati), Rabin na Scott 1959, na DFA inakula herufi moja kwa hatua moja bila kufikiri. Kwa nini msiigeuze mara moja mkaachana na kuiga?

---

mzee_wa_otomata

Kwa kitabu na kosa moja geuza tu, haina neno. NFA ina safu 2 za maduara 7, jumla 14, kwa nadharia tupu DFA inaweza kufika hali 16384 ila nyingi hazifikiki. Ukuta (kikomo cha juu) mzuri zaidi unatoka kwenye jedwali la rafiki yetu hapo juu: namba mbili zinazofuatana kwenye safu haziwezi kupishana kwa zaidi ya moja, ni -1, 0 au +1, kwa hiyo safu tofauti haziwezi kuzidi 3 kwa kipeo cha urefu wa paterni. Kwa herufi 6 ni 729. Ukkonen 1985 alishaipigia hesabu hiyo. Lakini kwa herufi 20 huo ukuta uko juu ya bilioni tatu na nusu kasoro kidogo, hali halisi zitakuwa chache zaidi hasa makosa yakiwa machache lakini hujui mpaka uzijenge, na kila hali inabeba jedwali la herufi zote. Memori inaisha hujaanza kutafuta.

Kuna njia ya katikati naipenda: usijenge DFA yote, jenga hali pale tu maandishi yanapokupeleka, uiweke kwenye kashe, ukirudi hapo tena unaichukua. Maandishi ya kawaida yanazunguka kwenye hali chache sana. Ikijaa unafuta unaanza upya.

Pale ambapo DFA inashinda kweli ni kwenye kamusi, neno moja lililokosewa dhidi ya maneno laki kadhaa yaliyopangwa kwenye mti wa herufi. Schulz na Mihov 2002 walionesha jinsi ya kuijenga moja kwa moja kwa muda unaokua sambamba na urefu wa neno, bila kupitia NFA. Lucene, maktaba ya kutengenezea programu za utafutaji, inatumia hiyo, na ndo maana inakukatalia makosa zaidi ya 2. Lakini hiyo ni kazi nyingine, pale unalinganisha neno zima na neno zima, hakuna kitanzi cha mwanzo, na kitanzi ndicho kinacholipua hali.

---

dada_kokotoa

Nyongeza moja kwa mwenye uzi kabla hujapeleka hii kodi mbali. B yako umeiindeksi kwa baiti au kwa herufi?

Nauliza kwa sababu ilinitesa sana na neno ng'ombe. Wengine wanachapa ile koma ya juu iliyonyooka, simu za wengine zinaigeuza kuwa ile iliyopinda. Kwa macho hazina tofauti ya maana, kosa moja la kubadilishwa. Lakini iliyonyooka ni baiti moja na iliyopinda kwenye UTF-8 ni baiti tatu, kwa hiyo ukisoma baiti kwa baiti hiyo ni moja kubadilishwa na mbili za ziada, makosa MATATU, na k = 1 (k hapa ni idadi ya makosa unayoruhusu) haioni kitu. Nilikaa nalaumu fomula siku nzima kumbe fomula haina hatia. Ama ubadilishe maandishi yawe herufi za Unicode kwanza na B iwe kamusi, herufi isiyokuwemo inarudisha sifuri, ama uzisawazishe koma zote kabla ya kuanza. Mimi nafanya vyote viwili, woga tu.

---

Mpekuzi_wa_Biti

Dada nilikuwa kwenye baiti 🙈 nimehamia herufi. Nimeweka na ile ya kushika jibu mkononi, sasa kitabu ni kimoja. Nimeiandika iwe ya k yoyote, mzee niangalizie:

```
R[j] = biti j za kulia zimewashwa, kwa kila j kuanzia 0 hadi k
kwa kila herufi c:
    zamani = R[0]
    R[0] = ((R[0] << 1) | 1) & B[c]
    kwa j kuanzia 1 hadi k:
        tunza = R[j]
        R[j] = (((R[j] << 1) | 1) & B[c]) | zamani | (zamani << 1) | (R[j-1] << 1) | 1
        zamani = tunza
```

Maswali mawili ya mwisho nawaachia. Moja, nikiweka k = 3 kwa kitabu inaniletea karibu kila mstari wa faili. Mbili, nimeihamishia kwenye C iende mbio, paterni fupi ziko sawa ila nikiweka sentensi ya herufi 40 haipati chochote hata bila kosa.

---

mzee_wa_otomata

Kodi iko sawa. Hiyo `tunza` ndo wengi wanaisahau wakaipa safu ya pili ile `zamani` ya safu ya kwanza, wewe umeiweka.

La k = 3: neno lina herufi 6, umeruhusu nusu yake iwe uongo. Herufi tatu tu zikilingana kwa mpangilio karibu na karibu inawaka, "kit" peke yake inatosha, na lugha imejaa ki na vi. Ukifika k = 6 itawaka kila mahali, hata pasipo na kitu, kwa sababu kuruka herufi zote sita ni makosa sita halali. Mimi sivuki theluthi ya urefu, na kwa maneno mafupi ya herufi nne tano naweka 1 basi.

Kama faili ni kubwa na unataka kuiharakisha bila kugusa mashine, kata paterni vipande k + 1. Kosa moja haliwezi kuharibu vipande viwili, kwa hiyo kwa k = 1 ama kit ama abu lazima iwepo nzima nzima. Tafuta hivyo viwili kwa njia ya kawaida ya haraka, mashine uiwashe pale tu kimoja kilipoonekana. kitbu ina kit, kitapu ina kit, vitabu ina abu.

La C nakisia bila kuiona: umeandika `1 << i`. Hiyo moja ni int, kwenye kompyuta nyingi ni biti 32, ukiisogeza mara 39 C haikuahidi chochote. Andika `1ULL << i` na R zote ziwe `uint64_t`, angalia na ile ya kuulizia biti ya mwisho, hiyo watu wanaisahau.

---

Jedwali_Tosha

Na akizidi herufi 64?

---

mzee_wa_otomata

Akizidi anatumia maneno mawili ya mashine (namba mbili za biti 64) na kila akisogeza anahamisha biti inayodondoka kutoka la kwanza kwenda la pili, inachosha lakini inafanyika. Ila makosa yakianza kuwa mengi, tuseme kumi kwenye paterni ndefu, mimi naachana na hii nahamia njia ya Myers ya 1999. Na wewe utaipenda maana ni jedwali LAKO, ile ile ya Sellers, kaichukua ile hali ya kwamba jirani hupishana kwa -1, 0 au +1 akaiweka kwenye namba mbili za biti, moja ya palipopanda moja ya paliposhuka, safu nzima inahesabiwa kwa mkupuo na haijali makosa ni mangapi. Yaani jedwali limeingia kwenye biti.

---

Jedwali_Tosha

Haya hiyo naenda kuisoma. Kwa neno la herufi sita bado natumia lupu zangu mbili.

---

Mpekuzi_wa_Biti

Ilikuwa `1 <<` kweli, sehemu mbili, moja kwenye B na moja kwenye kuulizia. Herufi 40 inapata sasa. Imebaki kitbau, mtu kapindua a na b, kwa k = 1 haiji na kwa k = 2 inakuja. Nadhani hiyo ndo inavyotakiwa?

---

dada_kokotoa

Ndo hivyo, kwa Levenshtein kupindua ni makosa mawili, moja ya ziada na moja iliyorukwa. Ukitaka ihesabike moja kama alivyofanya Damerau 1964 unaongeza safu nyingine ya maduara kati ya R0 na R1, ya "nimeona herufi ya mbele, nasubiri ya nyuma yake". Fungua uzi mwingine tukuchoree, huu umeshakuwa mrefu.